Mistari Waliyonichora Tumboni

Niliambiwa nisioge tumbo. Mikono osha, uso osha, miguu sugua mpaka uchoke, lakini kuanzia chini ya kitovu mpaka mapajani maji yasiguse. Mwanamke wa mlimani, aliyefundishwa tangu mdogo kwamba asiyeoga jioni hana haki ya kulala kwenye kitanda cha watu, anaambiwa hivyo na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nikasema sawa. Siku zile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Ukinipa karatasi, sawa. Ukiniambia vua, sawa. Nilikuwa naogopa mpaka nikawa na adabu kama bibi harusi.

Wacha nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo mtu atafikiri nilikuwa na upele. Ugonjwa wangu ulikuwa wa ndani. Nilikuwa nauza nyanya na vitunguu katika soko la Bwera, kule mpakani, ambako siku ya soko Wakongo wanavuka tangu alfajiri na kila mtu anaongea Kiswahili chake, mwenye mali na mwenye kununua, na mnaelewana kwa sababu nyanya ni nyanya. Tumbo likaanza kujaa. Gomesi, ile nguo yetu ya mkanda, ikawa inakataa kufunga. Mimi mjane, nywele nyeupe, meno ya kuhesabu. Wenzangu wa sokoni wakapata furaha.

"Mama, huyo bwana mbona hatumwoni? Unamficha kwenye gunia?"

"Mwacheni. Huyu ni Sara wa Biblia."

Nikacheka nao. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga tumbo kama ngoma nikisema atazaliwa akiwa na ndevu. Nilicheka mpaka siku nyanya ilipoanguka karibu na mguu wangu nikashindwa kuinama kuiokota. Iliviringika mpaka chini ya meza ya mwenzangu, na mimi nikaiangalia tu inakwenda.

Nilikunywa kwanza dawa ya minyoo. Halafu ya vidonda vya tumbo. Halafu mizizi fulani ambayo sitasema alinipa nani, kwa sababu yuko hai na tunachota maji bomba moja. Mwisho nikafika Kampala, kwenye hospitali ile kubwa, na dokta mmoja mwanamke, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala, akaniambia ni kansa, na imekaa kwenye kifuko cha mayai.

"Mayai gani?" nikamwuliza.

Akanieleza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alikuwa bado hajafika kwa mambo hayo. Nimezaa watoto, nimewazika wawili, nimefuga kuku maisha yangu yote, na sikujua kwamba na mimi nina mayai. Nilirudi kitandani nikaona aibu, kama mtu aliyeishi na mpangaji nyumbani miaka mingi bila kujua.

Wakanipasua. Baadaye wakanitia dawa ya dripu, ile inayoingia mshipani polepole kama mtu mwenye hila, na nywele zikatoka zote, hata nyusi. Chakula kikawa na ladha ya misumari. Basi la kutoka Kasese likisimama pale Katunguru, kwenye daraja, wanawake wanaleta samaki wa kukaanga madirishani, samaki ambao zamani ningewala mpaka kichwa nikanyonya na vidole. Sasa nilikuwa naziba pua kwa lesu, kanga yangu, na kumwomba dereva kimoyomoyo aondoke.

Aliyekuwa ananisindikiza safari hizo zote ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Yeye ni mtu wa Butembo, kule Kongo. Alivuka na vita, akaolewa kwetu Bwera, na Kiswahili chake hakikuvuka, kilibaki upande wa pili. Mimi ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Kazi yake ni kudarizi vitambaa vya meza na vya viti: anachora maua na ndege kwa kalamu kwenye kitambaa cheupe, kisha anayajaza kwa nyuzi. Nyumba nyingi za Bwera, ukiingia, kile kitambaa unachokaribia kukikalia ni kazi yake. Ni mwanamke wa maneno mengi na mkono safi, na hana subira na kitu kilichopinda. Akiingia kwako atanyoosha kwanza picha ya ukutani, ndipo atakusalimia.

Dripu zilipokwisha, dokta akaniita. Akanikalisha, na daktari akikukalisha vizuri ujue.

"Mama, tumetoa kikubwa, na dawa imefanya kazi," akasema. "Lakini chini huku, ndani ya nyonga, kimebaki kipande kimeng'ang'ania mahali ambapo kisu hakifiki. Tutakifuata kwa mionzi. Ikikipiga penyewe, tuna matumaini. Lakini lazima ipige penyewe. Ikienda kando itachoma utumbo usio na kosa, na kile kitu kitabaki."

Nikamwuliza kama mionzi inauma. Akasema utalala tu, hutasikia kitu. Sikumwamini. Kwenye baraza tulikolala wagonjwa wa mbali nilikuwa nimemwona mama mmoja akifungua nguo kupata hewa, ngozi yake ya tumbo imekuwa nyeusi kama ndizi iliyookwa kwenye majivu. Yeye alisema anaendelea vizuri. Nikasema moyoni, kama huko ndiko vizuri, vibaya kukoje?

Basi wakanipeleka kwenye chumba cha kuchorwa. Huko ndiko nilikokutana na kijana wa mashine. Kiluganda changu ni cha kununulia chumvi tu, Kiingereza sina, kwa hiyo yeye akatoa Kiswahili. Baba yake alikuwa askari, alizaliwa na kukulia kambini, na Kiswahili alichokisikia huko ni kile cha kuamrisha. Uso wake ulikuwa mzuri kabisa, mtoto wa watu, lakini kinywa kikifunguka unatafuta pa kukimbilia.

"Wewe jaja!" Jaja ni bibi kwa watu wa Kampala. "Panda! Lala! Mgongo chini! Mikono juu ya kifua! Hapana tingisha!"

"Ndiyo afande," nikasema. Ilinitoka yenyewe.

Akacheka, mwenzake akacheka. Mimi sikucheka. Walikuwa wamezima taa, mistari ya mwanga mwekundu inapita juu ya mwili wangu kutoka ukutani, na wao wanapima, wanaitana namba, wanapima tena. Kisha akachukua kalamu nene ya rangi ya zambarau akanichora: mstari mrefu chini ya kitovu, na msalaba mdogo kila upande wa nyonga. Wino ulikuwa wa baridi. Akasema mistari ile ndiyo njia ya mashine, na mashine haina macho, inafuata njia. Nirudi Jumatatu tuanze. Maji yasiguse.

Nilikuwa nimepanga kungoja palepale barazani, mgongo kwenye ukuta, bila kutikisika, kama mtu aliyebeba mayai kwenye sahani. Lakini kabla jua halijazama simu ya wifi ikalia. Shangazi yangu wa Kyarumba amefariki.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea. Mama alipokufa mimi nilikuwa bado natambaa, na shangazi alinibeba mgongoni akipanda na kushuka milima ile na kahawa kichwani. Njia za Kyarumba, ukiteleza asubuhi utaulizwa habari zako bondeni. Alinifundisha kuchuma kahawa nyekundu tu, na kijani akinikuta nayo mkononi ananigonga kidole kwa kijiti. Mwanamke mkali, mnyoofu, aliyekuwa anasali kwa sauti ili Mungu asiseme hakusikia. Singeweza kukosa kumzika. Nikamwambia wifi, twende, Jumatatu tutarudi.

"Na tumbo?" akauliza.

"Tumbo linakuja nalo. Haliogi."

Tukazika. Tukalala msibani na watu wote, chini, kwenye majani ya migomba. Mimi kila mara naingiza mkono ndani ya nguo, nagusa mistari, ingawa mistari ya wino huwezi kuisikia kwa kidole. Nilikuwa nachungulia mchana nikiwa chooni: ipo. Jasho limeifanya nyepesi kidogo lakini ipo. Nikapata mfuko wa nailoni, hii kavera ya sokoni, nikaupasua, nikaufunga tumboni kwa kamba ya katani chini ya lesu. Nikitembea nalia kwasha kwasha kama gunia la karanga. Watoto wananigeukia.

Siku ya kumaliza msiba, watu hunyolewa vichwa, kisha wanawake hushuka mtoni kuogeshana. Mwenye wembe alipanga watu mstari, akafika kwangu, akanivua kitambaa, akakuta kichwa kama kibuyu.

"Huyu kanyolewa na nani?" akauliza.

"Dawa," wifi akamjibu.

"Basi wewe ulitangulia kuomboleza," yule mwenye wembe akasema, akapita. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani cha kuziba mdomo. Lile neno lakini lilinikaa. Nilitangulia kumwombolezea nani?

Tukashuka mtoni. Katika ukoo wetu mtu hajioshi msiba mwenyewe. Mwenzako anakumwagia, na wewe unammwagia mwenzako. Maji uliyojimwagia peke yako ni ya kuondoa vumbi tu, na kifo unarudi nacho nyumbani, unawapelekea watoto. Anayesimamia ni mwanamke mkubwa katika nyumba ya marehemu, na siku ile alikuwa binti mkubwa wa shangazi, ambaye tulilala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Yeye ananiita mdogo wangu. Nikakaa kwenye jiwe mbali na maji nikasema, dada, mimi nimwagie kichwa na miguu, basi.

"Tangu lini msiba unakaa kichwani na miguuni, katikati unaruka?" akaniuliza.

"Dokta amekataza."

"Dokta amekataza maji? Basi huyo ni dokta wa mbuzi."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema nina kitu nimeficha, ndiyo maana nalia kwasha kwasha. Nikaona hapa bila kueleza sitaeleweka. Na mimi nikianza kueleza, mnanijua. Nikaeleza mayai, nikaeleza kisu, dripu, kipande kilichobaki, mashine isiyo na macho. Wakanisikiliza vizuri sana, mpaka nikajisikia mwalimu. Ndipo nikafanya upumbavu. Nikafungua kamba, nikatoa kavera, nikateremsha lesu ili waone kwa macho yao wenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Ni misalaba," akasema.

"Si misalaba," nikasema. "Ni alama."

"Alama gani? Mimi misalaba naijua. Huu hapa, na huu hapa."

Binti wa shangazi alikuwa ameshika beseni limejaa. Juzi tu alikuwa amesimama akitazama msalaba wa mbao ukikitwa juu ya mama yake. "Wamekuchora msalaba ukiwa hai?" akasema. "Mdogo wangu, nimemzika mama, na wewe nikurudishe nyumbani na alama ya kaburi tumboni?" Na kabla sijafunika, beseni lote likanimwagikia, na mkono wake ukapita tumboni mara moja, kwa nguvu, kama anayefuta ubao.

Maji ya mlimani yana baridi ya mawe. Sikupiga kelele kwa ajili ya baridi. Nilitazama chini nikaona zambarau inatelemka pajani, inaingia kwenye mchanga, inakwenda. Yule dada yangu alikuwa analia na kunikumbatia, ananiambia sasa uko safi, sasa uko safi. Nilimpiga? Hapana. Nilimshika tu. Alikuwa amefanya hivyo kwa kunipenda, na mimi nilikuwa nahisi ameniua.

Wifi ndiye aliyenitoa pale. Akaniingiza kwenye chumba cha marehemu, akanilaza kwenye mkeka karibu na dirisha, akatazama. Upande wa kulia msalaba ulikuwa umebaki, hafifu. Mstari wa chini ya kitovu, vipande. Wa kushoto ulikuwa kivuli tu.

"Yaya, usilie," akasema. "Mistari ni mistari. Miye nachoraka maua ku vitambaa ya batu tangu niko mutoto. Sasa misalaba mbili njo itanishinda?"

"Usiguse! Tutawaambia."

"Ukisema, batakurudisha nyuma. Kule beko batu mingi, umebaona. Utangoja mpaka lini? Acha kile kitu ikule?"

Hapo alinishika penyewe. Nilikuwa nimeiona ile foleni. Nilikuwa nimeona watu wanakuja kutoka kila pembe ya nchi wanangoja mashine, na mwingine anangoja mpaka ndugu zake wanakuja kumchukua amefunikwa. Nikavuta pumzi, nikalala. Wifi akatoa kalamu yake ya bluu ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti, akauma ulimi kidogo kama afanyavyo akichora ndege. Kwanza akafuata vivuli. Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaguna.

"Ule kijana hakujua kazi," akasema. "Ya kushoto ilikuwa imepanda juu. Haiko sawa na ingine." Akaiteremsha kidogo, akapima kwa vidole kutoka kitovuni upande huu na upande huu, akanyoosha na mstari wa katikati. Alipomaliza akafurahi. "Sasa iko muzuri."

Na kweli ilikuwa nzuri. Hata mimi niliiona nzuri.

Jumatatu tukawa Kampala. Sikumbuki njia. Nakumbuka nimekaa kwenye benchi la chumba cha mashine, wifi ananibonyeza goti kila nikifungua mdomo, na jina langu likaitwa vibaya kama kawaida, nikainuka. Kijana wangu wa kambini yuko palepale.

"Jaja! Ingia! Kiatu toa! Panda!"

Nikapanda. Mashine ilikuwa juu yangu, kichwa kikubwa kinazunguka, kama ng'ombe anayetafuta pa kunusa. Ile mistari ya mwanga mwekundu ikaja. Akafunua, akatazama; kwenye mwanga ule bluu na zambarau ni ndugu.

"Wewe naoga?"

"Sijaoga," nikasema. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli.

"Mbona mustari iko mupya hivi?"

"Nimeitunza."

Akatazama tena. Nje mtu akamwita, kulikuwa na mgonjwa aliyezimia barazani. Akajibu, akanisogeza bega, akasogeza kitanda, akamwambia mwenzake kitu kwa Kiluganda. "Sasa sisi natoka," akaniambia. "Wewe bakia peke yako. Hapana tingisha. Kama iko shida, inua mukono. Sisi naona kwa televisheni."

Wakatoka. Kuna mlango pale, nadhani ni wa chuma, mnene kama ukuta wa kanisa. Uliposogea kufunga haukutoa mlio wa mlango. Ulitoa mlio wa jiwe.

Nikabaki. Sijawahi kuwa peke yangu hivyo. Hata kuzaa, mtoto wangu wa kwanza nilimzaa shambani, lakini kulikuwa na ndege, kulikuwa na mbuzi ananitazama. Hapa hapakuwa na kitu kinachopumua isipokuwa mimi, na mimi nimeambiwa nisipumue sana. Ndipo maneno ya wifi yakanijia: ya kushoto ilikuwa imepanda juu. Nikajiuliza, kwa nini ilikuwa imepanda? Kijana yule alinipima mara ngapi? Alipima, akaita namba, akapima tena, mwenzake akapima. Watu wawili wanapima na taa zimezimwa, halafu wakosee kidogo, upande mmoja tu? Au ni mimi niliyepinda? Maana nilibeba mizigo miaka yote upande mmoja, nyonga yangu si sawa, fundi cherehani yeyote wa Bwera atakuambia. Wifi alininyoosha kama kitambaa, na mimi si kitambaa. Kile kipande kimekaa kinakokaa, hakijui uzuri.

Nikasikia kitu kinaanza kuguna kwenye ukuta.

Nikainua mkono. Nikainua na wa pili. Nikainua na mguu.

Mlango ukafunguka, kijana akaja mbio. "Iko nini? Nasikia uchungu?"

"Mistari hii si yenu," nikasema. "Yenu ilikwenda na maji."

Akasimama. Nikamweleza mto, msiba, beseni. Akauliza nani alichora hii.

"Wifi yangu."

"Yeye iko dokta?"

"Hapana. Anadarizi vitambaa."

Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza amri haikutoka. Aliweka mkono kichwani akasema kitu kwa Kiluganda, pole pole, nadhani kwa Mungu. Kisha akaenda kumwita dokta. Yule mama mpole akaja, akaleta picha zangu, akapima. Msalaba wa kushoto ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili. Nikamwuliza, dokta, katika vidole viwili kuna nini? Akasema, "Kuna utumbo mwingi, mama." Nikamwuliza kama moto ulikuwa umeanza kutoka nilipoinua mkono. Akasema kilichokuwa kinaguna ni mashine inajiweka sawa tu, kitu hakijatoka. Nilimwamini, kwa sababu nilihitaji kumwamini.

Kijana alinifuta kwa spiriti, pamba juu ya pamba, bluu yote ya wifi ikatoka. Alisugua kwa hasira, ngozi ikawaka. Wakaniambia nirudi chumba cha kuchorwa, lakini leo hakuna nafasi, mpaka Alhamisi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomwambia alikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu, miguu imenyooka, na akalia kwa sauti ya kwao mpaka muuguzi akaja kumwuliza nani amekufa. Kisha akajifuta uso.

"Lakini yaya," akasema, "iliketi muzuri. Hata wewe uliona."

"Niliona."

"Ningekuua na uzuri."

Nikamwambia anyanyuke, sakafu ni baridi.

Siku zile za kungoja Alhamisi sikulala ubavu. Mvua ilinyesha barazani ikawa inatupa matone, na mimi sikuwa hata na mistari ya kulinda, lakini nilijikunja nikakinga tumbo kwa lesu, kwa beseni, kwa mikono. Nilikuwa nawaza, kile kipande kinajua kwamba leo kimeponea? Kinakula? Nikigusa mahali, naona kimekua. Nikigusa tena, sikioni. Yule mama mwenye tumbo lililoungua aliniambia acha kujigusa, utajitia kidonda. Alikuwa amebakiza siku chache kumaliza. Alikula viazi vyake taratibu, akanipa kimoja, nikakishika mpaka kikapoa.

Alhamisi wakanipima upya, wakanichora. Safari hii kijana aliniwekea pia vidoa kwa sindano, vidogo kama mbegu za ulezi, chini ya ngozi. Hivyo hata mto mzima hauviondoi. Nikamwuliza, msalaba wa kushoto umepanda? Akasema, "Imepanda. Wewe jaja mwenyewe iko mupinde." Nikafurahi kusikia hivyo, niamini usiamini.

Halafu tena kitanda, tena kichwa cha mashine, tena mwanga mwekundu. Kijana akasimama karibu na mlango, hakutoka mara moja.

"Jaja. Kama iko kitu ingine ya kusema, sema sasa."

Nikatafuta. Kwa kweli nilitafuta. Ningepata hata uongo ningesema, ili abaki kidogo, ili mlango usifungwe. Sikupata.

"Hakuna," nikasema.

Ukafungwa. Ukuta ukaguna. Mkono wangu wa kulia ulitaka kuinuka wenyewe, nikaushika kwa wa kushoto juu ya kifua, nikaubana. Nikamwita shangazi, nikamwita Mungu, nikataja watoto wangu mmoja mmoja, wale walioko na wale wasioko. Nilikuwa nangojea moto. Nimechomwa na sufuria, nimechomwa na uji, nilijua unavyokuja. Nikaubana mwili wote kuungojea, na haukuja, haukuja, na mguno ukanyamaza, na mlango ukalia jiwe.

"Amka," kijana akasema.

"Imeanza?"

"Imekwisha. Kesho tena."

Sikuweza kuamka. Akanishika mkono na bega akanikalisha, akanivalisha viatu, kimoja hiki na kingine hiki, bila amri hata moja. Wifi akaniuliza nje, wamekuchoma wapi? Nikamwambia sijui. Kesho yake nilisema hivyo hivyo, na siku iliyofuata, na wiki zote zile mpaka walipomaliza na ngozi yangu nayo ikawa ndizi ya majivu. Watu wanadhani niliogopa kuumia. Ningefurahi kuumia. Kile kipande kingeuma, ningejua kimepigwa.